Je, wajua kwa nini pikapu kuukuu huweza kuvuta boti ikashindwa kuisimamisha?

Hilux ya miaka ya 1980, dizeli ya lita 2.4, ikipandisha boti ya faiba juu ya tela kutoka bandarini Mkoani, Pemba, watu huisifu injini. Sifa inastahili, ila kazi ya injini ndiyo nyepesi. Gia namba moja huzidisha nguvu yake ya kuzungusha kama mara nne, na difu (gia za kwenye ekseli) huizidisha tena kama mara nne, kwa hiyo magurudumu hupata takriban mara 16. Breki hazina wa kuzizidishia namna hiyo. Zimetengenezwa kwa uzito wa gari na shehena yake, na tela la boti mara nyingi halina breki zake.

Piga hesabu. Pikapu kilo 1,300, tela na boti kilo 900: magurudumu manne ya pikapu yanazuia kilo 2,200. Kama gari peke yake ilisimama kwa mita 20, sasa itataka kama mita 34, tena barabara ikiwa kavu na tambarare. Uingereza, tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 wala kuzidi nusu ya uzito wa gari inayolivuta. Ni kipimo kizuri kukifuata hata visiwani. Kwa pikapu hiyo kikomo kingekuwa kilo 650, na boti yetu imeshapita. Boti hiyo inataka gari kubwa zaidi au tela lenye breki.

Unguja kwa sehemu kubwa ni tambarare, lakini Pemba ni vilima, na kuteremka ndiko kunakoua breki. Ukikanyaga pedali mteremko mzima, joto la dramu na diski huingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi. Lakini hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Yakishachakaa yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali huzama hadi chini bila kushika. Badilisha mafuta hayo yote kila baada ya miaka miwili. Kujazia juu hakuondoi maji yaliyomo. Na teremka kwa gia ileile ambayo ingekupandisha kilima hicho, ukiiweka kabla mteremko haujaanza. Wanaoweka nyutro ili kuokoa dizeli wanaitupa breki ya injini, ambayo ndiyo pekee isiyochemka.

Hatari ya pili ni tela kuyumba mkia, na hapa boti ina lake. Shingo ya tela inatakiwa ikandamize boli la pikapu, yaani tufe la chuma la kuvutia tela, kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na boti yake. Kwa tela la kilo 600 pamoja na boti ni kilo 60 hadi 90. Ikipungua, uzito unakuwa nyuma ya ekseli, na mtikiso mdogo wa upepo au shimo unakua badala ya kufa, hadi tela linaipiga gari kushoto na kulia. Sasa tazama boti ilivyo: mashine inaning'inia tezi (nyuma ya boti), tangi la petroli mara nyingi liko tezi, na boti ikikaa kichwa juu maji ya ngama, yaliyotuama ndani chini, nayo hukimbilia tezi. Mvua moja ya masika ikiacha lita 150 ndani, umeongeza kilo 150 mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo fua maji, toa kizibo, shusha mashine uilaze kwenye bodi ya pikapu, kisha sogeza boti mbele juu ya tela hadi shingo ipate uzito wake. Pima kwa mizani ya kusimamia: weka kipande cha mbao juu yake, laza shingo hapo kwa urefu uleule wa boli, na tela liwe sawa na ardhi.

Usizidishe pia. Boli liko nyuma ya ekseli ya pikapu, kwa hiyo linafanya kazi kama mtaimbo. Likiwa mita 1.1 nyuma ya ekseli, na ekseli mbili zikiwa zimeachana mita 2.8, kilo 100 kwenye boli huiongezea ekseli ya nyuma kilo 139 na kuipunguzia ya mbele kilo 39. Usukani unakuwa mwepesi na mipira ya mbele inateleza kwenye kona. Ndiyo maana mashine inalazwa karibu na kebini, si kwenye mlango wa nyuma.

Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani moja kwa moja na uache mwendo upungue. Kulifukuza tela kwa usukani kunalizidishia mayumbo.

Linabaki jambo la ufukweni, nalo huharibu matela mengi kimyakimya. Baada ya safari, beringi na habu (vitovu vya magurudumu) zina joto. Zikiingia baharini papo hapo, hewa iliyomo ndani hupoa, hunywea, na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili. Grisi inageuka nyeupe kama maziwa, beringi inashika kutu, na safari ya tatu au ya nne gurudumu linalia, linachemka, pengine linachomoka. Gusa habu kwa mkono. Kama ni ya moto, subiri nusu saa. Ukitoka majini mwagia maji baridi ya bomba, na tela linaloingia baharini mara kwa mara fungua beringi zake kila miezi mitatu, osha kwa dizeli, kausha kabisa, tia grisi ya baharini na sili mpya.