Boga na korosho za kwenye friza: nilipika maboksi mawili

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Leeds, mzaliwa wa Unguja, alinijia na boksi la chakula kilichogandishwa. Nyama ameiacha tangu mwaka jana, kazini anaingia zamu ya usiku, na chakula hiki ndicho anachokula kabla ya kutoka, mara tatu au nne kwa wiki. Boksi lina picha ya vipande vya boga vilivyoiva vikang'aa, na korosho nzimanzima zimemwagwa juu. "Dada, wewe ndiye mtu wa vyakula," akaniambia. "Hiki kinanitosha?"

Kazi yangu ni teknolojia ya chakula, na nimeshughulika na vyakula vya kugandisha kwa miaka. Sikutaka kumjibu kwa kukisia. Nikaenda kununua maboksi mawili ya aina ileile.

Kabla ya kupika niligeuza boksi nyuma. Sheria ya Uingereza inamtaka mtengenezaji apange viambato kwa uzito, kilicho kingi kitangulie, na kiambato kinachotajwa kwenye jina la chakula kiandikiwe asilimia yake. Kwa hiyo ukitaka kujua unanunua nini, anzia hapo, picha iache. Boga lilikuwa 31%. Yakafuata maji, maziwa, spinachi, jibini na chenga za mkate. Korosho zilikuwa 6%. Boksi lina gramu 400, kwa hiyo korosho ni gramu 24, ukufi mmoja mdogo. Korosho zina protini kama gramu 18 katika kila gramu 100, maana yake ukufi ule unakupa gramu nne na kidogo tu. Ukijumlisha jibini na maziwa, lebo ilitaja protini gramu 12 kwa boksi zima, na kalori 480.

Piga hesabu nami. Gramu moja ya protini hutoa kalori 4, kwa hiyo gramu 12 ni kalori 48, sehemu moja ya kumi ya boksi. Ili chakula kiruhusiwe kuitwa chanzo cha protini, protini lazima itoe angalau 12% ya nishati yake. Ndiyo maana neno protini halikuonekana popote upande wa mbele. Mtu mzima mwenye kilo 60, kwa kipimo kinachotumika hapa cha gramu 0.75 kwa kila kilo ya mwili, anahitaji gramu 45 kwa siku. Chumvi ilikuwa gramu 1.6, kikomo cha siku ni gramu 6, hapo sina ugomvi.

Sasa friza yenyewe, kwa sababu boga na korosho haziteswi na baridi kwa namna moja.

Boga aina ya butternut ni maji kwa zaidi ya asilimia 85. Maji yakiganda polepole hutengeneza fuwele kubwa za barafu, na fuwele hizo huchana kuta za seli. Likiyeyuka, boga linaachia maji na kulegea kama sponji iliyolowa. Likigandishwa haraka, fuwele zinakuwa ndogo na kuta nyingi zinapona. Mvumbuzi Mmarekani, Clarence Birdseye, aliliona jambo hili kwa samaki huko Labrador, mashariki mwa Kanada, ambako wenyeji walivua kwenye baridi kali na samaki akaganda papo hapo. Alipolihamishia kiwandani, vyakula vyake vilivyogandishwa vilianza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts, mwaka 1930. Friza ya nyumbani haina kasi hiyo. Ukitaka kugandisha boga lako, lichemshe kidogo kwanza, kausha vipande, vitandaze kwenye sinia visigusane, vikishakuwa vigumu ndipo uvitie kwenye mfuko. Boga lililokwisha kuungwa kwa tui ni habari nyingine: tui hukatika likiyeyuka, mafuta huku na maji kule. Ligandishe boga peke yake, tui ulitie siku ya kupika.

Korosho hazina maji ya kutosha kuumizwa na barafu. Adui yao ni unyevu wa jirani. Korosho kavu ikikaa miezi juu ya mchuzi mzito huvuta maji kidogo kidogo, kwanza wakati wa kupoza kiwandani, kisha kila mara boksi linapopata joto njiani kutoka dukani. Inachopoteza ni ule mvunjiko wake mdomoni.

Boksi la kwanza nililiweka kwenye maikrowevu ya wati 800. Maelekezo yalisema dakika sita, koroga, dakika tatu nyingine, kisha uliache dakika mbili. Dakika ya sita nikachomeka kipimajoto: pembeni nyuzi 91, katikati nyuzi 24. Tofauti hiyo inatokana na barafu kuyapokea mawimbi ya maikrowevu vibaya sana ikilinganishwa na maji. Sehemu inayotangulia kuyeyuka, mara nyingi pembeni, inanyakua joto lote na kuanza kuchemka huku katikati kungali barafu. Kukoroga na kusubiri ndiko kunakosawazisha joto, na watu wengi huruka hatua hizo mbili kwa sababu wana njaa. Tafadhali usiziruke. Katikati ya chakula lazima pafike nyuzi 70 na pabaki hapo dakika mbili.

Ladha ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Boga lilishika umbo, lina utamu wake, na mchuzi haukutoa maji. Hiyo ni kazi ya wanga maalumu usioachana na maji baada ya kuganda, maana wanga wa kawaida wa nyumbani hukatika. Korosho zilikuwa laini kama maharage yaliyoiva. Nilisikitika. Niliyekulia karibu na mikorosho najua korosho inavyopaswa kulia ikivunjika. Nyingi ya korosho za Tanzania, kutoka Mtwara na Lindi, husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam kubanguliwa, ndipo zifike huku. Zije safari ndefu hivyo, halafu ziishie kulowa!

Boksi la pili nililipeleka kwenye oveni, nyuzi 190, dakika 45. Tofauti ilikuwa kubwa. Joto kavu la juu lilifukuza unyevu, chenga za mkate zikawa rangi ya asali, na korosho za juu kabisa zikapata uhai tena. Zilizozama kwenye mchuzi zilibaki laini.

Nilimwalika jirani tukale hilo la pili. Wakati oveni inafanya kazi nilikaanga korosho zangu kwenye kikaango kikavu, gramu 30 hivi, mpaka zikatoa harufu, nikazitia mezani kwenye kibakuli ili kila mtu anyunyize wakati wa kula. Pembeni niliweka bakuli la maharage. Gramu 150 za maharage yaliyopikwa zina protini kama gramu 12 au 13, sawa na boksi zima, na nyuzinyuzi nyingi juu yake. Mafuta ya korosho pia yana kazi, kwa sababu rangi ya manjano ya boga, ambayo mwili huigeuza vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiandamana na mafuta.

Alinyunyiza, akatafuna, akanyamaza kidogo. "Dada," akasema, "hii ni futari ya nyumbani. Imekosa nazi tu."

Jibu langu kwake ndilo hili: boksi peke yake halikutoshi kabla ya zamu ya usiku. Lipike kwa oveni ukipata nafasi, liongeze maharage, na korosho zako ziweke kwenye chupa kabatini, mbali na mchuzi, mpaka sahani iwe mezani.