Je, wajua kwa nini filamu ya usiku mmoja ilizaa tamthilia ya miaka tisa?

Tarehe 19 Desemba 1971, kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani kilirusha filamu ya Krismasi iitwayo The Homecoming. Kisa chake unaweza kukisimulia kwa pumzi moja: ni mkesha wa Krismasi mwaka 1933, milimani Virginia, baba anatarajiwa kutoka kazini, giza linaingia na hajafika. Basi. Hakuna urithi unaogombewa wala siri ya ndoa inayofichuka. Lakini miezi tisa baadaye familia ile ile ilirudi hewani kama tamthilia ya kila wiki, The Waltons, na haikuondoka hadi 1981. Iliwezekanaje?

Chanzo chake ni riwaya fupi ya Earl Hamner iliyotoka mwaka 1970. Hamner alizaliwa 1923 katika kijiji cha Schuyler, Virginia, mtoto wa kwanza kati ya wanane. Kijiji kilikuwa kikitegemea machimbo ya mawe. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoyafunga, baba yake akalazimika kwenda kufanya kazi mji wa Waynesboro, akilala huko siku za kazi na kurudi kwa wanawe mwisho wa wiki, kwa basi kisha kwa miguu. Mkesha mmoja wa Krismasi alichelewa. Hofu ya usiku ule ndiyo iliyokuja kuwa riwaya.

Familia hii ilikuwa imeshaonekana kwenye filamu kabla ya hapo. Mwaka 1961 Hamner alitoa riwaya nyingine juu ya watu hao hao, Spencer's Mountain, na mwaka 1963 Warner Bros. ikaitengenezea filamu ya majumba ya sinema, Henry Fonda akiwa baba na Maureen O'Hara akiwa mama. Kisa kikahamishwa kutoka Virginia hadi Wyoming, chini ya vilele vya Grand Teton. Picha zake zinapendeza kweli, lakini kwangu mimi milima ile imewameza watu. Ukimaliza kuitazama unakumbuka mandhari kwanza, familia baadaye.

Filamu ya televisheni ilikwenda njia nyingine, na nadhani hapo ndipo jibu lilipo. Hamner aliandika mwenyewe muswada wa filamu, Fielder Cook akaongoza, na wote wawili wakakubali kwamba tukio kubwa la hadithi hii ni kusubiri. Mama, Olivia, anaoka keki huku masikio yako mlangoni. Redio inatangaza kwamba basi limepata ajali. Watoto saba wanagombana, wanacheka, wananyamaza, kila mmoja akionyesha hofu kwa namna yake. Asiyekuwepo ndiye anayewafunua waliopo: kwa kumkosa baba tu, tunajua nani ni mwoga, nani ni mkali, nani anategemewa. Na mtazamaji wa televisheni amekaa sebuleni kwake, na wanawe, naye anajua mlango wa nyumba yake unavyolia mtu anapoingia. Hadithi kama hii haihitaji skrini kubwa.

Hatimaye mama anamtuma kifungua mimba wake, John-Boy, aende kumtafuta baba usiku huo huo. Safari hiyo ndiyo inayotutembeza kijijini: tunafika kwenye kanisa la Wamarekani weusi, kisha kwa ajuza wawili wa nasaba bora, dada wa tumbo moja, wanaopika wiski nyumbani kwa kufuata maelekezo ya marehemu baba yao. Ukitazama kwa jicho la mwandishi wa tamthilia, hapa kuna akiba ya visa vya miaka. Kila nyumba aliyobisha hodi John-Boy ingeweza kuwa kipindi kizima.

Kuna tukio moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo mbegu yenyewe. John-Boy ana tabia ya kujifungia chumbani, na mama yake anashuku kwamba anavuta sigara. Anapombana aseme ukweli, kijana anatoa daftari alilolificha. Anaandika. Anaona haya kulisema hilo mbele ya mama ambaye hesabu zake zote ni za unga, kuni na viatu vya watoto saba. Baadaye, baba anapofika na zawadi, ya John-Boy ni karatasi za kuandikia. Baba hatoi hotuba yoyote, ameshajua. Kwa kuwa anayesimulia filamu nzima ni sauti ya Hamner mwenyewe akiwa mtu mzima, tunaelewa kwamba kijana yule ndiye aliyekuja kutuandikia haya. Hadithi yenye shahidi wa namna hiyo ndani ya nyumba haiishi kwa usiku mmoja, maana huyo ataendelea kuona na kuandika.

Wakati wenyewe haukuwa mzuri. Mwaka huo huo wa 1971 CBS ilikuwa imefuta vichekesho vyake vya watu wa shamba, vikiwemo Green Acres na The Beverly Hillbillies, ikitafuta watazamaji wa mjini. Tamthilia ilipoanza Septemba 1972 iliwekwa Alhamisi usiku, saa zile zile za The Flip Wilson Show ya NBC, kipindi kilichokuwa kikipendwa mno. Wengi waliona imetolewa kafara. Katika msimu wa 1973 hadi 1974, ikawa ya pili kwa watazamaji nchini humo.

Jina Spencer, ambalo familia hii ilikuwa nalo vitabuni, halikurudi, kwa sababu haki za filamu za riwaya ya kwanza zilikuwa kwa Warner Bros., ndiyo maana familia ikawa Walton, na Clay-Boy wa vitabuni akawa John-Boy. Watoto walibaki walewale, Richard Thomas akiwa John-Boy. Kwa wakubwa mambo yalikuwa tofauti: baba akawa Ralph Waite badala ya Andrew Duggan, babu akawa Will Geer badala ya Edgar Bergen, na mama akawa Michael Learned badala ya Patricia Neal.

Hili la mama linauma kidogo. Neal alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka 1965, na watayarishaji walihofia kwamba mwili wake usingehimili kazi ya kila wiki. Olivia wake ni mkavu, mwenye wasiwasi unaomfanya afoke, na alimpatia tuzo ya Golden Globe. Learned alileta upole zaidi, na ninakubali upole huo ulibeba miaka mingi vizuri. Ila Ellen Corby, bibi, mtu mzima pekee katika familia aliyetoka kwenye filamu hadi kwenye tamthilia, naye alipigwa na kiharusi mwaka 1976. Yeye walimsubiri. Mwaka 1978 alirudi, maneno yakimtoka kwa shida, na waandishi wakakiingiza kiharusi kile katika hadithi: bibi wa familia ya Walton naye akawa amepooza ulimi, akiongea kwa neno moja moja, na nyumba nzima ikijifunza kumwelewa.