Skima ya tangi la maji chumvi: tunayoambiana Kampala na ukweli wenyewe

Skima ni kile kifaa kinachopuliza hewa kwenye maji ya samaki mpaka povu linabeba uchafu, linapanda shingoni na kumwagikia kikombe cha juu. Uongo mkubwa kuliko wote ni huu, eti skima ukiifunga leo na kesho kikombe bado kikavu basi umeuziwa feki. Hapana jamani. Skima mpya bado ina mafuta mafuta ya kiwandani, povu linapasuka kabla halijafika shingoni, na mpaka ndani kuote ule utelezi wake wa kawaida zinaweza kupita siku kadhaa, nyingine hata wiki mbili. Mimi naizungusha kwanza usiku mzima kwenye ndoo ya maji na siki, nasuuza sana, sabuni marufuku, ndio naifunga. Halafu naiacha. Hapo ndipo watu wanashindwa, mtu anashika valvu ya kurekebisha povu kila saa, anafungua anafunga, jioni analia povu halitulii, na litatuliaje? Geuza kidogo tu, angalia kesho.

Wengine wanaijaribu kwenye maji ya bomba, wanaona mapovu makubwa yanapasuka pa pa pa, wanairudisha dukani. Kwenye maji yasiyo na chumvi mapovu yanaungana yanakuwa makubwa, chumvi ndiyo inayoyafanya yabaki madogo madogo kama ukungu, na uchafu wa samaki unang'ang'ania kwenye ngozi ya hayo mapovu ndio unapanda nayo. Kwa hiyo ijaribu ndani ya maji yenye chumvi kamili, kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025 hivi. Na tafadhali, chumvi ya ziwa Katwe, huko magharibi mwa Uganda, si chumvi ya bahari, ile imejaa kaboneti na salfeti, maji ya ziwa lile ni makali hayafanani kabisa na ya Mombasa. Usimwekee samaki.

Kuhusu kina cha maji kwenye sampu, lile tangi la chini skima inamokaa, watu wanadhani ukiizamisha zaidi inafanya kazi zaidi. Soma karatasi iliyokuja nayo, kama imeandika sentimita 20 weka 20, inua skima kwa kipande cha plastiki ukilazimika. Muhimu zaidi ni maji yasipande na kushuka, maana yakikauka kidogo tu povu linashuka, ukijaza ghafla linafurika. Chumba chenye kizuizi ndani ya sampu kinamaliza hiyo shida.

Stima nayo. Ikikatika, maji ya tangi la juu yanateremka sampu, ikirudi skima inaamka ikiwa imezama kuliko kawaida. Mwaka jana ilirudi saa tisa usiku, asubuhi nakuta kikombe kimefurika na uchafu wote wa siku tatu, rangi ya chai ya rangi, harufu usiulize, umerudi kwa samaki. Banange niliumia! Sasa pampu ya skima nimeiwekea taima, inachelewa dakika 10 kuwaka mpaka maji yarudi juu. Tukiwa hapo hapo kwenye stima, ndugu yako akikutumia skima kutoka Marekani angalia pampu, ya 110 V ukiichomeka kwenye 240 yetu inaungua.

Eti skima inaondoa naitreti, ile inayobaki majini uchafu ukishaoza? Haiondoi. Inaondoa uchafu kabla haujaoza, ukishakuwa naitreti umechelewa, badilisha maji kama kawaida. Ila kuna faida watu hawaisemi, hewa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji huku yanashika oksijeni kidogo kuliko pwani, kwa hiyo wanaozima skima usiku kwa sababu ya kelele wanawabana samaki saa ile ile wanayoihitaji zaidi.

Na siku povu likizimika ghafla baada ya kulisha au baada ya kuingiza mkono, usiguse valvu. Ni mafuta ya chakula ama ya ngozi yako, saa chache linarudi lenyewe. Futa tu shingo kwa ndani kila baada ya siku mbili tatu, ule utando wa kahawia ukiganda pale povu halipandi.