"Mimi" wa kwenye shairi sio lazima awe mtunzi

Wengi wanaamini shairi likisema "mimi" basi mtunzi anaeleza maisha yake mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo kweli. Ila anayesema ndani ya shairi anaitwa nafsineni, na mtunzi anaweza kumuumba awe mtu yeyote, ndo maana kwenye taarab nyimbo nyingi wanazoimba wanawake zimetungwa na wanaume, mtunzi anavaa sauti ya mwanamke ili jamii isikie uchungu ambao nyumbani hausemwi, na mimi naona hapo ndo fasihi ina nguvu hasa. Ukitaka kuhakiki angalia msemaji ana umri gani, jinsia gani, anaongea na nani, halafu linganisha na tungo zingine za mtunzi huyohuyo, ukikuta huku "mimi" ni mvuvi kule ni bibi kizee, basi hao ni wahusika.