Mtetemo wa Gia Boksi Otomatiki: Maana Yake na Namna ya Kuutambua

Fundi anayesema gia boksi "inatetemeka" hazungumzii kila mtikisiko wa gari. Anamaanisha mtikisiko mfupi wa harakaharaka, kama gari linapita juu ya matuta madogo madogo yaliyopangwa barabarani, unaokuja mwendo ukiwa wa wastani, mara nyingi kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa, na mguu umekanyaga mafuta kidogo tu.

Unatoka kwenye toki konvata, chombo kilicho kati ya injini na gia boksi. Chombo hiki hupitisha nguvu kwa msukumo wa oili, na kwa kuwa oili huteleza, sehemu ya nguvu hupotea kuwa joto. Ndiyo maana ndani yake mna klachi inayojifunga mwendo ukitulia, injini na gia boksi zizunguke pamoja. Klachi hiyo isiposhika sawasawa, hushika na kuachia mfululizo, na gari zima linatetemeka. Mara nyingi kosa huwa kwenye oili: imechakaa, au imewekwa aina isiyo ya gari hilo.

Jaribio lake ni rahisi, ila lifanywe barabara ikiwa tupu. Mtetemo ukianza, usiachie mafuta. Gusa breki kidogo tu, taa za nyuma ziwake. Katika magari mengi kompyuta huiachia klachi papo hapo. Mtetemo ukikatika, mshukiwa umempata. Ukiendelea, tazama injini kwanza: plagi au koili mbovu hutoa mtikisiko unaofanana sana na huu, na huzidi gari likipanda mlima. Inauma kuona mtu ameshusha gia boksi nzima kumbe tatizo ni koili moja.

Mtikisiko unaofuata mwendo tu, ukanyage mafuta usikanyage, ni wa matairi, rimu au shafti. Unaotokea gari limesimama kwenye D na kupungua ukiweka N, kagua mauntini za injini, yaani raba zinazoishikilia.

Kipimo cha kompyuta, kinachosoma kodi (namba za hitilafu) za gari, nacho kinasaidia: P0741 huelekeza kwenye klachi ya toki konvata, P0300 kwenye injini inayokosa moto. Lakini mtetemo unaweza kuwapo bila kodi yoyote, kwa hiyo usikubali kuambiwa gari ni zima kwa sababu tu mashine haikusoma kitu. Klachi ikiwa haijaungua, kubadilisha oili kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari mara nyingi huondoa mtetemo. Oili ikitoka nyeusi na yenye harufu ya kuungua, jiandae kufungua toki konvata.