Dhana Potofu Kuhusu Draiva za Grafiki

«Kadi yangu ya grafiki ina OpenGL 4.6, kwa hiyo programu yoyote inayoihitaji itafunguka.» Dhana hii naisikia kwa wateja karibu kila wiki, nayo imewagharimu wengi fedha ambazo hawakustahili kuzitumia. OpenGL ni kiwango, yaani maandishi yanayoeleza maagizo ambayo programu inaweza kuyatoa; anayeyatekeleza ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuitumia kadi, na draiva ya mfumo endeshi mmoja haifanyi kazi kwenye mwingine. Tazama Mac yenye prosesa ya Intel na kadi ya AMD: ikitumia macOS haivuki OpenGL 4.1, kwa sababu Apple waliishia hapo, na mwaka 2018 wakatangaza kuwa wanaiacha ili waandishi wa programu wahamie Metal, kiwango cha grafiki cha Apple wenyewe. Mashine hiyo hiyo ikiwekewa Linux, bila kulegezwa skrubu hata moja, inaweza kufika 4.6 kupitia draiva za Mesa, mradi wa msimbo huria.

Kwenye Windows mkasa huwa wa kuudhi zaidi. Mfumo ukiwa umesakinishwa upya bila draiva ya mtengenezaji wa kadi, programu ikiuliza toleo la OpenGL kwa kawaida hujibiwa 1.1, toleo la mwaka 1997, na mwenye kompyuta hukimbilia kununua kadi mpya ambayo nayo, isipowekewa draiva, itajibu vivyo hivyo. Nawasihi wasome kwanza ripoti ya programu: yakionekana maneno «GDI Generic», ni prosesa inayochora, na kadi haijaguswa kabisa.

Wapo wanaodai kuwa Linux haina draiva za grafiki. Draiva za Intel na AMD zina sehemu iliyomo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi, na sehemu nyingine iko katika Mesa. NVIDIA nao walifungua msimbo wa sehemu ya kerneli mwaka 2022, ingawa sehemu kubwa iliyobaki ingali imefungwa.

Vulkan, kiwango kingine cha grafiki kilichotoka mwaka 2016, haiongezi kasi yenyewe. Humkabidhi mwandishi wa programu usimamizi wa kumbukumbu uliokuwa kazi ya draiva, na asiyeumudu hupata programu nzito kuliko ya awali.

Tena, draiva mpya kabisa si lazima iwe bora. Watengenezaji huziondoa kadi za zamani katika matoleo mapya, hivyo pakua toleo ambalo orodha yake inaitaja kadi yako kwa jina na namba.