Vibanda vingi si lazima uchumi mkubwa

Wengi wetu tunaamini kwamba biashara ndogo zikiongezeka, uchumi wa mkoa umekua. Imani hiyo ina sababu: vibanda vinaonekana kwa macho, na kila kimoja kinalisha nyumba. Ila idadi peke yake haisemi mengi. Vibanda 20 vinavyouza vocha na soda zilezile vinagawana wateja walewale. Huyu akiuza, yule analala na mzigo.

Uzito uko kwenye aina za ujuzi na jinsi zinavyotegemeana. Pale Kamukunji, Nairobi, bati la pipa kuukuu hukatwa, hukunjwa na kugongwa nyundo mchana kutwa (masikio hayapumziki) mpaka litoke jiko la makaa au sanduku la mwanafunzi wa bweni. Mchomeleaji anamhitaji mkataji, na wote wanamhitaji muuza chuma chakavu. Mtwara korosho ni tele, lakini sehemu kubwa husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua huondoka nazo.

Kwenu je? Tembea mtaa mmoja. Usihesabu milango, hesabu fani. Geuza bidhaa usome imetengenezwa wapi. Kisha muulize fundi vipuri vyake vinatoka kwa jirani au huagizwa mbali.